Barua za babu kutoka Burma 1944-45: mbona vita havimo?

#1 Mjukuu wa Liwale
Wakuu salaam.

Bibi alitutoka mwaka juzi. Kwenye kugawana vitu mimi nikaangukiwa na kibweta ambacho hakuna aliyekitaka. Ndani mna barua kumi na tatu za babu, zote za Kiswahili, alizotuma akiwa na Keya (K.A.R., jeshi la Mwingereza la Waafrika) vita vya pili vya dunia. Ya kwanza ni ya Machi 1944, ya mwisho Novemba 1945.

Nimezisoma zote na nimebaki na maswali. Mtu yuko Burma (Myanmar ya leo), anapigana na Mjapani, lakini Mjapani hatajwi hata mara moja. Bunduki hamna, maiti hamna, hofu hamna. Kila barua ni hivi hivi:

"Salaam nyingi sana kwa baba na mama na wote wanaoniuliza. Ama baada ya salaam, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu. Huku mvua ni nyingi. Mke wangu apewe ile fedha ya Boma, asizungushwe. Nisalimieni shangazi na watoto wake wote."

Mbili zimekatwa kwa wembe, kuna dirisha katikati ya karatasi. Miandiko ni mitatu tofauti. Halafu ya Septemba 1944 ina mstari huu: "Yule fahali mweusi msimwuze mpaka nirudi." Ndugu zangu, kwetu Liwale ni mbung'o tupu. Ukoo wetu haujawahi kufuga ng'ombe hata mmoja!

Nauliza: kwa nini vita havimo? Na huyu fahali ni nani? Nawasilisha.

#2 Bichwa Gumu
Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi. Ila mkuu jiandae kisaikolojia, babu yako huenda alikuwa mpishi.

#3 Stempu
Jibu la kwanza ni jepesi. Barua zilikaguliwa. Ofisa wa kikosi alizisoma kwanza, kisha nyingine zikasomwa tena kituo cha nyuma. Askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo, jina la meli, idadi ya watu wala nani kafa. Ukitaja, wembe unapita. Hayo madirisha yako ndiyo hayo.

Tazama bahasha kama zipo. Utakuta O.A.S. kwenye kona, alama ya mtu aliye vitani, na muhuri wa mkaguzi wenye namba. Anwani itakuwa namba yake, kikosi chake, na S.E.A.C. Hiyo ni Kamandi ya Kusini Mashariki mwa Asia, ya Admirali Mountbatten wa Uingereza, makao yake yalihamia Kandy, Ceylon (Sri Lanka ya leo), Aprili 1944. Kwa makusudi haikuambii mtu yuko wapi, maana eneo lenyewe linaanzia Ceylon mpaka mpakani mwa China.

Mimi nakusanya bahasha za zamani. Usitupe hata moja, na usibandue stempu.

#4 Mjukuu wa Liwale
Asante Stempu. Bahasha zimebaki nne. Kikosi kinasomeka 36 K.A.R.

#5 Mwalimu wa Zamani
36 K.A.R. ni kikosi cha Tanganyika. Kilikuwa Brigedi ya 26, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Mkuu wake Meja Jenerali Fowkes. Kwa hiyo #2 acha dharau, hao hawakwenda kupika peke yake.

Linganisha na tarehe za barua. Divisheni ilikuwa Ceylon ikifanya mazoezi mpaka katikati ya 1944. Agosti iko Tamu, mpakani mwa India na Burma. Kuanzia hapo ni bonde la Kabaw, katikati ya masika yao. Magari yanazama kwenye tope, mizigo inadondoshwa kwa ndege, ruba wanapanda miguuni, malaria inaua kimya kimya. Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin, pakajengwa daraja la kuelea la futi 1,154, wakati huo refu kuliko yote ya aina yake duniani. Januari 1945 wakarudishwa India kupumzika.

Sasa soma tena barua ya Septemba. "Huku mvua ni nyingi." Hapo babu yako yuko Kabaw. Hiyo ndiyo taarifa ya vita yenyewe.

#6 Kipanga Mzee
Stempu na Mwalimu mmesema vizuri lakini mnakimbilia mkasi wa Mzungu. Mleta mada kasema miandiko mitatu. Maana yake babu hakuandika mwenyewe. Askari wengi wa kipindi kile waliingia hawajui kusoma. Kila kombania ilikuwa na watu wawili watatu waliopita shule ya misheni, hao ndio makarani wa wenzao. Unakwenda na sigara zako, unamwambia "nisalimie nyumbani", yeye anajua maneno ya barua, anayamimina. Watu hamsini wanatuma barua moja, majina tu ndiyo yanabadilika.

Na fahali hapo hapo kajibiwa. Karani alikuwa Msukuma au Mgogo! Kaandika habari za kwao.

#7 Bichwa Gumu
Kipanga hahaha! Karani kachanganya mafaili. Kuna ukoo kule Shinyanga uliambiwa uchunge mikorosho mpaka babu arudi.

#8 Wa Machakos
Hamjambo majirani. Kwetu Ukambani kila nyumba ina mzee aliyekuwa Keya, maana Wakamba waliandikishwa kwa wingi mno. Babu yangu alikuwa dereva, alianzia Abisinia 1941 akamalizia Burma. Barua zake nyanya alizitunza kwenye mkebe wa chai.

Nakubaliana na Kipanga nusu tu. Barua za babu yangu hazina vita lakini zina ugomvi wa kutosha. Pesa zilikatwa kwenye mshahara, familia ikachukue Boma kwa D.C., mkuu wa wilaya. Sasa nani anachukua? Mke au kaka mkubwa? Kuna barua anamwambia kaka yake waziwazi: "Nimesikia umenunua baiskeli. Nijulishe umeipata wapi." Hebu fikiria, mtu yuko msituni na Wajapani, anachunguza baiskeli!

Vita kwake vilikuwa kazi. Kazini husimulii nyumbani. Nyumbani unauliza mali yako.

#9 Mama Tausi
Mnasahau msomaji jamani. Barua ilipofika kijijini ilisomwa na nani? Na mwalimu wa shule, karani wa jumbe, au katekista, mbele ya ukoo mzima uani. Mama yake yupo pale, mke yupo, majirani wamejaa. Mwanaume wa Kingindo, kabila la huko Liwale, wa mwaka 1944, aandike "naogopa" ili karani wa jumbe aisome kwa sauti? Hata mkaguzi angekuwa hayupo asingeandika.

Marehemu mama alikuwa akituambia, habari mbaya haitumwi kwa karatasi, inatumwa na mtu.

Kuhusu fahali mimi sina shaka. Ni mwanaume. Kuna mtu alikuwa anamzungukia bibi yenu, na babu anawaambia nduguze wamchunge mpaka arudi. Samahani mleta mada.

#10 Mjukuu wa Liwale
Mama Tausi umenivuruga. "Msimwuze" sasa maana yake nini?

#11 Wa Machakos
Mama Tausi anaweza kuwa sahihi. Kwetu kuna barua inasema "fisi amelala kwangu" na kila mtu pale nyumbani alijua fisi ni nani. Nyanya aliirarua hiyo, tunajua tu kwa kusimuliwa.

#12 Chui Mtulivu
Nyie mna bahati ya kuwa na barua. Babu mzaa mama alikuwa askari wa mizinga, yaani artileri. Ya mwisho waliyoipata iliandikwa Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944. Salaam, mimi mzima, bahari nimeiona ni kubwa. Basi. Meli yao ilizamishwa na Wajerumani njiani kwenda Ceylon.

#13 Mwalimu wa Zamani
Pole sana Chui. Rekebisho moja kwa ajili ya kumbukumbu za familia. Kama alikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga basi meli ni Khedive Ismail, na aliyeizamisha ni Mjapani, nyambizi I-27, karibu na visiwa vya Maldives, tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Waliookoka ni mia mbili na kitu.

Kuna jambo jingine gumu. Manowari za ulinzi ziliangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji kuiwinda nyambizi wakati watu bado wanaogelea juu yake. Nyambizi ilipatikana ikazamishwa. Ila ndiyo hivyo.

#14 Chui Mtulivu
Miaka yote tunaambiwa Mjerumani. Asante Mwalimu, nitamwambia mama.

#15 Mtoto wa Bukavu
Bonjour wandugu. Musisahau sisi Wakongo pia tulikuwa Burma. Kulikuwa hospitali ya vita ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabeleji, namba 10, ilitumika pamoja na hiyo divisheni ya kifaru. Waganga Wabeleji, lakini wauguzi na wabeba machela ni Wakongo. Tata wa rafiki yangu alikuwa huko. Barua zake ni za Lingala, juu lugha ya Force Publique ilikuwa Lingala, hata kama mtu ametoka Kivu. Mama yake hakujua Lingala. Barua inafika, inakaa mpaka mwanajeshi fulani apite pale kijijini.

Sasa hiyo pia ni sababu: ukijua barua itasomwa na mupita njia, utaandika nini?

#16 Nyundo
Idi Amin naye alikuwa Burma, mbona hamumtaji? Aliandikaga barua?

#17 Stempu
Nyundo, hiyo ni chai. Amin aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha. Hadithi ya Burma ni ya kujitengenezea. Ukitaka mtu wa Burma kweli kuna Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau ya Kenya. Alikuwa Koplo kule kule Kalewa, na baadaye akaandika mwenyewe jinsi vita vilivyomfumbua macho.

#18 Fundi Saa
Na kwetu Dar kuna kina Sykes, Abdulwahid na Ally. Burma wote wawili. Inasimuliwa kwamba kambini India, Krismasi 1945, ndipo walipozungumza kuanzisha chama cha siasa wakirudi. Sasa jiulizeni, hayo yapo kwenye barua gani? Hayapo! Mkaguzi angeyaona angeruka dirishani. Kwa hiyo vita kutokuwemo kwenye barua si ajabu, mazito yote yalibaki midomoni.

#19 Nyundo
Kwa hiyo TANU imeanzia Bombay 😂

#20 Kipanga Mzee
African Association, chama kilichokuja kuzaa TANU, ilikuwepo tangu 1929, na baba yao Kleist Sykes alikuwa katibu wake. Chama hakikuokotwa India. Lakini huo ni uzi mwingine na tukiuanza hapa hatutalala. Turudi kwenye barua.

#21 Mjukuu wa Liwale
Nimerudi na kipya. Jana nimezipanga upya kwa miandiko. Mwandiko wa kwanza ni wa mtu msomi, mzuri sana. Wa pili umebanana. Wa tatu upo kwenye barua mbili za mwisho tu, za Julai na Novemba 1945. Herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mistari inapanda mlima, "salaam" imeandikwa "salamu" na "salam" ukurasa mmoja. Mwishoni kaandika: "Hii naandika mimi."

#22 Mama Tausi
Jamani! Kajifunza kuandika huko huko vitani.

#23 Mwalimu wa Zamani
Inawezekana kabisa. Mwaka 1942 jeshi lilianzisha kikosi cha elimu, walimu wake Waafrika walifundishwa Jeanes School pale Kabete, kisha wakatumwa kwenye vikosi. Walifundisha kusoma na kuandika Kiswahili, hesabu, habari za dunia. Vita vilipoisha, watu walikaa makambini India miezi mingi wakisubiri meli, na madarasa yalikuwa njia ya kuwatuliza. Novemba 1945 inalingana.

#24 Stempu
Sasa Kipanga hoja yako ya karani imepata ufa. Mleta mada, hiyo barua ya Novemba aliyoandika mwenyewe inasemaje ndani?

#25 Mjukuu wa Liwale
Salaam nyingi sana, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu. Fedha ya Boma. Shangazi. Vile vile kabisa. Kilichoongezeka ni sentensi moja: "Naambiwa mmehamishwa, nijulisheni mko kijiji gani nisije nikapotea."

#26 Stempu
Umeona? Karani hayupo, na maneno ni yale yale. Tena vita vimeisha Agosti, mkaguzi naye hana cha kulinda. Kwa hiyo hata mimi hoja yangu haitoshi peke yake.

#27 Kipanga Mzee
Haina ufa hata kidogo. Mtu kajifunza kuandika barua kwa kuziona za karani! Hakuna aliyemfundisha barua nyingine. Kwake yeye barua NI hiyo. Hata sisi shuleni tuliandika "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako" mpaka tumemaliza darasa la saba.

#28 Mama Tausi
Kipanga ubishi wako utazikwa nao.

#29 Mwalimu wa Zamani
Hiyo habari ya kuhamishwa ni kubwa kuliko fahali. Miaka ya 1940 serikali ilihamisha watu wengi wa Liwale kwa sababu ya malale, wakakusanywa kwenye vijiji vikubwa, na ardhi yao kubwa ikaja kuingia pori la akiba la Selous. Yaani mtu anapigania Mfalme Kalewa, huku nyumbani Mfalme huyo huyo anawafungisha wazazi wake virago. Mleta mada, waulize wazee wenu walitoka wapi kabla.

#30 Fundi Saa
Duh. Hiyo imenikaa.

#31 Wa Machakos
Hata malipo yao yanauma. Kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa rangi. Askari mweupe wa cheo cha chini aliyeandikishwa Afrika Mashariki alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika shilingi 3 na nusu. Serikali ya huko Uingereza ilijua. Habari hizi zilitoka tena magazetini 2019.

#32 Nyundo
Kwa hiyo sisi wajukuu tunaweza kudai? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#33 Bichwa Gumu
Nyundo babu yako alikuwa nani huko?

#34 Nyundo
Hakuwepo, ila alikuwa na nia.

#35 Chui Mtulivu
😂😂 Nyundo bwana.

Nina la kusema kuhusu habari ya kuficha. Baba yangu alikuwa Vita vya Kagera. Alituma barua mbili, moja kutoka Masaka na moja baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Hakuna mkaguzi aliyezikata, tena yeye alikuwa na kidato cha nne, Kiswahili chake safi. Zote mbili anauliza ada za shule na paa la jiko. Tulipokua nikamuuliza mbona hukusimulia. Akasema, "Ningesimulia, mama yako angelala?" Kwangu mimi jibu ni hilo, hayo mengine ni ya wasomi.

#36 Fundi Saa
Lakini Chui, nyumbani walikuwa wanasikia redio. Na hata wakati wa Burma kulikuwa na magazeti ya askari ya Kiswahili, lile la *Askari* lililotoka Nairobi na *Heshima* la wale waliokuwa Asia, na huku nyumbani *Mambo Leo* na *Baraza*. Vita viliandikwa mle kwa kirefu, na mashairi juu. Kwa hiyo si kwamba habari zilikuwa siri. Vita viliachiwa gazeti, barua ikaachiwa familia.

#37 Mama Tausi
Gazeti Liwale 1944? Lilifika na nani?

#38 Fundi Saa
Na yule yule anayesoma barua, mama.

#39 Bichwa Gumu
Nimefikiria fahali. Divisheni yao nembo ni kifaru, si ndiyo? Mweusi, ana pembe. Fahali mweusi ni kikosi! Anawaambia "msiniuze", yaani msitoe siri niko wapi!

#40 Kipanga Mzee
Kifaru ana zizi wapi na anauzwa soko gani. Kalale.

#41 Mjukuu wa Liwale
Wakuu nimepiga simu Nachingwea kwa shangazi mkubwa. Kacheka sana. Anasema fahali mweusi lilikuwa gobori la babu mzaa babu, la kuwindia nguruwe pori, lilifichwa darini kwa sababu halikuwa na kibali cha Boma. Babu aliogopa wataliuza wakati wa njaa.

Nikafurahi nikajua yameisha. Jioni akanipigia baba mdogo, kasikia nimeuliza. Anasema shangazi anachanganya, gobori lilinunuliwa baada ya vita, tena na pesa ya babu ya Keya. Fahali anavyojua yeye lilikuwa shamba la bondeni, udongo mweusi, waliligombania na ukoo wa jirani.

#42 Mama Tausi
Na mimi bado nasema mwanaume. Hao wote wawili wanamlinda bibi.

#43 Stempu
Shangazi arekodiwe sauti wiki hii hii, msingoje sikukuu. Na barua, tafadhali sana, usizipeleke kulamineti! Kila mara naona watu wanafanya hivyo na karatasi inakufa ndani ya plastiki. Piga picha pande zote mbili pamoja na bahasha, kisha weka kwenye bahasha ya karatasi safi, mbali na jua na mende. Medali je, zipo?

#44 Mjukuu wa Liwale
Ipo moja, nyota ya rangi ya shaba, utepe umekwisha.

#45 Stempu
Utepe wake kama una mabaki ya nyekundu katikati na buluu na machungwa pembeni, ni Burma Star. Ila medali za Waingereza za vita ile hazikuchongwa jina la mtu, kwa hiyo nyota peke yake si ushahidi wa nani aliivaa. Barua zako zina uzito kuliko hiyo nyota.

#46 Binti Tanga
Nimesoma uzi wote kimya kimya. Sisi nyumbani tunayo moja, ya mjomba wa nyanya, kutoka Misri mwaka 1942, alikuwa Payonia, kikosi cha kazi za mikono jeshini. Imeandikwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, na hakuna aliyebaki nyumbani anayezisoma. Imekatwa wembe mara tatu, kwa hiyo huko kuna mtu aliweza kuisoma! Kuna mjuzi humu?

#47 Mwalimu wa Zamani
Wapo. Weka picha, pande zote mbili, uipige nje kivulini usitumie flashi. Kama ina kunjo usiilazimishe kufunguka.

#48 Bichwa Gumu
Tukikuta fahali humo nahama jukwaa.